Vitenge Vilivyobaki Kwenye Mfuko

Dada mmoja alikuja kuniona hapa Dar es Salaam akiwa na deni la kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, alilokopa kununulia vitenge na ambalo mumewe hakulijua (nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike). Nilimuuliza vitenge alivyonunua viko wapi. "Vipo kabatini, daktari. Vingine hata sijavitoa kwenye mfuko."

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi. Apendaye nguo huzivaa. Huyu alichokuwa akikitafuta kilikwisha kabla bodaboda hajafika mlangoni.

Mwanasayansi Wolfram Schultz aliwapa nyani juisi huku akipima seli za ubongo zinazotoa dopamini, kemikali inayochochea hamu. Mwanzoni seli zilichangamka juisi ilipofika. Nyani walipozoea kwamba kuna ishara inayotangulia juisi, seli zikawa zinachangamka kwa ishara. Juisi yenyewe ikija, kimya. Kwa dada huyu ishara ilikuwa mlio wa simu: muuzaji ameweka picha za mzigo mpya. Raha ilikuwa pale, katika kuchagua na kuuliza zimebaki doti ngapi. "Nikishalipa moyo unatulia," aliniambia, "halafu naanza kujichukia." Na kujichukia huko ndiko kulikomrudisha kwenye simu kesho yake.

Ndugu zake walimwita mbadhirifu. Neno hilo linaniumiza. Wapo wagonjwa wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayofanya mwili utetemeke, ambao, wakipewa dawa zinazoiga kazi ya dopamini kama pramipexole, huanza kununua ovyo au kucheza kamari, watu waliokuwa makini na pesa maisha yao yote. Daktari akipunguza dawa, wengi hurejea hali yao. Je, hao nao walikosa malezi? Daktari Mjerumani Emil Kraepelin aliieleza hali hii ya kununua bila kuweza kujizuia tangu mwanzoni mwa karne ya 20 akaiita oniomania. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 inaitaja kwenye matatizo ya kudhibiti misukumo. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa 2013, DSM-5, haukuipa nafasi yake, na wataalamu bado wanabishana kama ni uraibu au la.

Mimi hushughulika zaidi na muda ulio kati ya kutamani na kulipa. Zamani kitenge kilikupeleka Kariakoo: nauli, jua, foleni, kisha unahesabu noti kwa mkono wako mwenyewe. Njiani tamaa ilipata nafasi ya kupoa. Leo picha, mkopo na malipo vimo kwenye simu ileile, na vyote huisha kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo tuliurudisha ule muda. Alijitoa kwenye magrupu ya wauzaji, akafuta programu za mikopo, pesa ya akiba ikakaa kwa dada yake. Kila hamu ilipomjia aliandika kwenye daftari saa, mahali alipo na alichokuwa akihisi, kisha akangoja hadi kesho. Bei sikumwambia aandike.

Wiki ya tatu tulilisoma daftari pamoja. Karibu kila mstari ulisema saa nne usiku, watoto wamelala, mume yuko safarini. Mstari wa mwisho uliandikwa kwa haraka: "Saa nne na robo. Sijanunua. Nimempigia mama, nimelia sana."

Tukayaacha ya vitenge, tukaanza kuzungumza kuhusu hizo saa nne za usiku.