Ukuta Umewekwa X: Mwenye Nyumba Afanye Nini Kabla Ugomvi na Halmashauri Haujakomaa

Migogoro mingi ya wenye nyumba na halmashauri huanza na jambo dogo: fensi iliyosogea, choo cha nje, kibanda cha duka barazani. Mtendaji anafika na kutoa maelekezo kwa mdomo, mwenye nyumba anamjibu kwa hasira, kisha inakuja notisi, na mwisho X ya rangi nyekundu ukutani, alama kwamba jengo linatakiwa kubomolewa. Tangu siku hiyo kelele hazisaidii tena. Kinachosaidia ni karatasi zenye tarehe.

Kwanza jua aliyeweka alama. Kwa mfano, hapa Tanzania, barabara inayotoka Mwandiga kuingia Kigoma mjini iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa. Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na eneo la reli ni la TRC, shirika la reli. Manispaa ya Kigoma Ujiji inasimamia vibali vya ujenzi na ramani za mipango miji. Ukimwandikia mkurugenzi wa manispaa barua za kulalamikia alama ya TANROADS, muda wako unaliwa bure.

Kisha chukua futi kamba. Kwa barabara kuu na za mikoa, Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara, yaani ukanda usioruhusiwa kujengwa, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, zikipimwa kutoka katikati ya barabara. Zile mita 7.5 za nyongeza ndizo zenye uzito: aliyekuwa humo kihalali kabla ya upanuzi ana haki ya fidia, na kwa kawaida huwekewa X ya kijani. Aliyejenga ndani ya mita 22.5 huhesabiwa mvamizi. Barabara ya mtaa haipimwi kwa mita 30. Upana wake umo kwenye mchoro wa mipango miji, kwa hiyo nenda idara ya ardhi uombe kuuona mchoro wa eneo lako. Kwa wakazi wa Kibirizi na kwingineko kando ya Ziwa Tanganyika kuna mita 60 kutoka ziwani zinazolindwa na Sheria ya Mazingira ya 2004, ambazo hazifutwi na kibali cha mtu yeyote wa mtaani.

Hapa watu wengi hujidanganya. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, si kibali cha ujenzi. Barua ya mwenyekiti wa mtaa nayo si kibali. Tafuta hati au ofa (barua ya kumilikishwa kiwanja), stakabadhi za kodi ya ardhi, kibali chenyewe na michoro iliyogongwa muhuri. Piga picha ya alama ukiwa karibu, halafu nyingine kwa mbali, nyumba na barabara vionekane pamoja. Usiifute alama, na bikoni, ile nguzo ya mpaka wa kiwanja, usiiguse: kuing'oa ni jinai, na kunaweza kukugeuza mshtakiwa kwenye shauri ulilokuwa unalidai wewe.

Jibu notisi kwa barua kabla siku zilizoandikwa humo hazijaisha. Taja namba ya kiwanja na kitalu, eleza unachopinga, omba maofisa wapime upya ukiwepo. Peleka nakala mbili masjala, ofisi inayopokea barua. Moja inabaki, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mbele ya macho yako. Karani akikuambia "iache tu, utapigiwa", subiri muhuri. Barua isiyo na muhuri ni vigumu kuthibitisha mahakamani kwamba ilipokelewa.

Mambo yakishindikana, usikimbilie Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hili ndilo kosa linaloumiza kuliko yote. Tangu marekebisho ya sheria ya 2020, shauri dhidi ya halmashauri linafunguliwa Mahakama Kuu, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe. Kabla ya hapo unatoa notisi ya siku 90 kwa mkurugenzi, nakala kwa Mwanasheria Mkuu na kwa Wakili Mkuu wa Serikali, ikieleza madai yako na unachotaka. Ukiruka hatua moja, wakili wa upande wa pili anaweka pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria inayosikilizwa kabla ya ushahidi, shauri linaondolewa bila mtu kuuliza kiwanja ni cha nani, na unaanza upya.

Tingatinga halisubiri siku 90. Kama tishio la kubomoa ni la kweli, wakili anaweza kuomba Mahakama Kuu zuio la muda wakati notisi inaendelea kuhesabika, maombi ambayo mawakili huyaita Mareva. Kama unachopinga ni uamuzi wenyewe, mfano kufutiwa kibali, ipo njia ya mapitio ya mahakama, yaani Mahakama Kuu kuchunguza kama uamuzi ulifuata sheria, ambayo dirisha lake ni miezi 6 tangu uamuzi. Asiye na fedha za wakili aulizie msaada wa kisheria kwa watoa huduma waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na aende mapema, notisi ikiwa bado mbichi.

Ikiwa ardhi inachukuliwa kwa fidia, usisaini fomu ya uthamini uliyoisoma kwa haraka. Hakiki jina, vipimo vya kila chumba, kisima, choo na kila mchikichi, unaozaa na mche vikiandikwa kando kando. Kanuni za 2001 za uthamini wa ardhi kwa ajili ya fidia zinataka pia posho ya usumbufu, usafiri wa mizigo ya tani 12 ndani ya kilomita 20, na posho ya makazi ya pango la miezi 36. Mwenye biashara ana faida halisi ya miezi 36, lakini anahitaji hesabu zilizokaguliwa, kwa hiyo daftari la duka lianze kuandikwa vizuri kabla mthamini hajafika.