Kumsikiliza mwanaume si kuwasaliti wanawake: dhana potofu na ukweli

Katika makundi ya wapigania usawa wa kijinsia kuna mada inayowakunjisha uso hata watu wenye roho nzuri: shida za wanaume. Ukiigusa, wengine wananyamaza na wengine wanataka kujua uko upande gani. Woga huo una sababu. Mara nyingi mada hii huletwa na watu wasiowajali wanaume hata kidogo, wanaotaka tu mazungumzo kuhusu ukatili dhidi ya wanawake yakome. Lakini kuwaachia watu hao uwanja mzima kumetugharimu, na tunaendelea kulipa kwa sababu ya mambo tunayoyaamini bila kuyapima.

Dhana: Kumhurumia mwanaume ni kumpunguzia mwanamke haki yake

Mwaka 1972, nchini Marekani, mwalimu aitwaye Paula Wiesenfeld alifariki akijifungua. Mumewe, Stephen, akabaki na mtoto mchanga wa kiume. Paula ndiye aliyekuwa mtafutaji mkuu katika nyumba ile, na mshahara wake ulikuwa ukikatwa michango ya hifadhi ya jamii kama wa mfanyakazi mwingine yeyote. Stephen alipotaka malipo ya mzazi aliyefiwa, ili apunguze kazi amlee mwanawe, aliambiwa malipo hayo ni ya akina mama wajane peke yao.

Aliyeibeba kesi yake hadi Mahakama ya Juu ni Ruth Bader Ginsburg, wakati huo wakili wa haki za wanawake katika ACLU, shirika la kutetea haki za kiraia. Mwaka 1975 majaji wote walioisikiliza walimpa Stephen ushindi. Ginsburg hakuwa ameacha mapambano yake ili amsaidie mwanaume mmoja. Alionyesha kwamba sheria ile ilimdhulumu Paula, kwa kuwa alikatwa kama wenzake wa kiume lakini michango yake haikuilinda familia yake kama yao ilivyolinda za kwao. Ilimdhulumu Stephen, kwa kuwa ilichukulia kwamba baba si mlezi. Ilimdhulumu pia mtoto, aliyekosa matunzo ya mzazi pekee aliyebaki kwa sababu tu mzazi huyo alikuwa mwanaume.

Kwangu hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Imani inayosema kulea ni kazi ya mwanamke humfungia mama jikoni na humfungia baba nje ya mlango. Ukiipiga upande mmoja tu, haianguki.

Dhana: Wanaume ndio wenye mamlaka, kwa hiyo hawana cha kulalamikia

Ni kweli kwamba viti vingi vya juu vimekaliwa na wanaume. Ila anayekalia kiti na anayelala barabarani si mtu mmoja kwa sababu tu wote wawili ni wanaume. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya 700,000 hujiua kila mwaka, na kwa ujumla kiwango cha wanaume ni takriban mara mbili ya cha wanawake. Takwimu za Umoja wa Mataifa zinaonyesha kuwa takriban asilimia 80 ya wanaouawa duniani ni wanaume.

Hapo mtu atasema wauaji nao ni wanaume. Kwa sehemu kubwa ni kweli, na ni kweli pia kwamba mwanamke akiuawa, mara nyingi muuaji ni mume, mpenzi au ndugu. Lakini kijana aliyechomwa kisu hakumchagua aliyemchoma, na mama yake analia vilevile.

Sheria zenyewe zimewahi kuwafumbia macho wanaume waliodhurika. Kuanzia 1927, maana ya ubakaji katika takwimu za FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilimhusu mwanamke tu. Marekebisho yalitangazwa mwaka 2012. Uingereza ilimtambua mwanaume kama mhanga wa kosa hilo mwaka 1994. Kabla ya hapo, sheria haikuliita ubakaji tendo alilofanyiwa.

Dhana: Wanaume wenyewe hawataki kuzungumza

Wanazungumza, ila kwa kubahatisha. Mtu anaandika kwenye kundi saa nane za usiku: "Nimechoka tu, basi." Au ametengana na mkewe, anasema hajaona watoto wake tangu mwezi uliopita. Jibu la kwanza: "Jikaze, wewe ni mwanaume." La pili, kutoka kwa mtu anayejiita mpigania usawa: "Wanawake wanapitia makubwa zaidi." Majibu hayo mawili yanatoka kambi zinazochukiana, lakini aliyeandika anayasikia kama jibu moja: nyamaza. Asubuhi ameshaufuta ujumbe wake, na watu wanaendelea kusema wanaume hawafunguki.

Kumjibu hakuhitaji utaalamu. Muulize kama analala, kama anakula, yuko na nani hapo alipo. Na ukihisi maneno yake yanaelekea kwenye kufa, muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimtii wazo kichwani, kama wengi wanavyoogopa. Humpa nafasi ya kusema ukweli na kupata msaada.

Dhana: Waliozama kwenye chuki hawarudi, na kuwasikiliza ni kuwaunga mkono

Mwaka 1997 mwanamke mmoja kijana nchini Kanada alianzisha tovuti ya watu wapweke walioshindwa kupata wapenzi, wanaume kwa wanawake, ili wafarijiane. Kutoka huko likaja jina "incel", yaani mtu asiye na mpenzi bila kupenda. Baada ya yeye kuondoka, jina lile lilichukuliwa na wanaume waliogeuza upweke kuwa chuki dhidi ya wanawake, na baadhi yao wameua. Upweke uleule uliwahi kuwa na mahali pengine pa kwenda.

Kurudi kunawezekana. Tangu 1998 nchini Sweden kuna mpango uitwao Exit, unaowasaidia watu kutoka kwenye makundi ya wabaguzi wa rangi, na baadhi ya waliofanya kazi humo waliwahi kuwa ndani ya makundi hayo. Hawawaambii wanaotoka kwamba walikuwa sahihi. Wanawasaidia kupata kazi, makazi na marafiki wapya, maana anayetoka huacha nyuma kila mtu aliyemfahamu.

Maumivu ya mtu ni kitu kimoja, maelezo yake kuhusu nani kayasababisha ni kitu kingine. Naweza kumwambia mwanaume kwamba upweke wake ni wa kweli, na katika mazungumzo hayohayo nikamwambia kwamba hakuna mwanamke anayedaiwa kuuondoa. Kazi hii isiwaangukie wanawake, hasa waliokwisha kuumizwa na wanaume wa aina hiyo. Sisi wanaume tunaosema tuko upande wa usawa ndio tunaopaswa kukaa naye, kumkatalia anapowatukana wanawake, na kumpigia simu tena kesho yake.