4294967297 si namba tasa, hata kama 7 na 11 zimekataa

Jana nimesahihisha madaftari na nikalikuta jibu lilelile: "4294967297 ni tasa kwa sababu haigawanyiki kwa 2, 3, 5, 7 wala 11." Limepigiwa mistari miwili kabisa. Nimechoka nalo, ndiyo maana naandika.

Ni kweli hizo tano zinakataa. Namba ni witiri, inaishia na 7, jumla ya tarakimu zake ni 59. Lakini nani aliwaambia mwishie 11? Unajaribu tasa zote mpaka ufike kipeuo cha pili cha namba yenyewe. Hapa 65536 × 65536 ni 4294967296, kwa hiyo kipeuo kinaizidi 65536 kwa unywele tu, na chini yake kuna tasa 6542. Aliyejaribu tano amebakiza 6537! Mvumilivu angeshindwa mara 115, kisha ya 116 ingemkubalia: 641 × 6700417.

Wala msimcheke mwanafunzi. Mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat, mwaka 1640, aliamini kwamba namba za mtindo huu (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na kuendelea, kipeo kikizidishwa mara mbili kila hatua, kisha jumlisha 1) zote ni tasa: 3, 5, 17, 257, 65537, na inayofuata ndiyo hii yetu, 2³² + 1. Tano za kwanza ni tasa kweli. Mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler ndiye aliyeivunja ya sita, mwaka 1732, akiwa St. Petersburg, Urusi.

Baadaye Euler alionyesha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kiache baki 1. Andika 65, 129, 193, 257 na kuendelea, ukifuta zisizo tasa. Zinabaki 193, 257, 449, 577, halafu 641. Majaribio matano, yaleyale matano ya mwanafunzi wangu, ila yamechaguliwa kwa akili.

Sasa itazame 641 kwa karibu. Ni 5 × 128 + 1. Pia ni 625 + 16. Basi 640 imepungukiwa 1 tu kufika 641, yaani ukigawanya kwa 641 ni kama hasi 1, na 640 nne zikizidishwa pamoja kisha kugawanywa kwa 641, baki ni 1. Zao hilo ni 625 × 2²⁸. Lakini 625 ni 641 kasoro 16, kwa hiyo mahali pa 625 weka hasi 16: unapata hasi 2³², nayo inaacha baki 1. Maana yake 2³² + 1 haibakizi kitu.

Naupenda uthibitisho huu na naufundisha kila mwaka, ila haunitulizi. Unaanza na 641 ikiwa tayari mkononi, wala hausemi imetoka wapi. Nikiulizwa, namrudisha mwanafunzi kwenye orodha ya 193 na wenzake.

Kosa la pili linaniudhi zaidi: "Kama si tasa, nionyeshe vigawo." Si lazima. Zipo njia za kuthibitisha kwamba namba si tasa bila kushika kigawo hata kimoja. 2 kwa kipeo cha 1048576, jumlisha 1, ni ya ukoo huuhuu na ina tarakimu 315653. Tangu miaka ya 1980 tunajua kwa uhakika kwamba si tasa, na hadi leo hakuna aliyekipata kigawo chake hata kimoja.