Vipovu vinavyomulika ini

Kila nikieleza hapa Moshi kipimo hiki, ultrasaundi ya ini inayotumia vipovu vya gesi vinavyodungwa kwenye mshipa, swali la kwanza ni lile lile: "Daktari, si hewa ikiingia kwenye mshipa inaua?" Hewa nyingi ikiingia kwa mkupuo, ni hatari kweli. Ila vipovu hivi ni vidogo kuliko chembe nyekundu za damu, vimevikwa utando mwembamba wa mafuta, na ndani mna gesi ya salfa heksafloraidi. Vinapita hadi kwenye vimishipa vyembamba kabisa, kisha gesi hutoka kwa pumzi. Dakika 15, karibu yote imeshatoka.

Ultrasaundi ya kawaida huonyesha kuna uvimbe kwenye ini, lakini mara nyingi haisemi ni wa aina gani. Vipovu huakisi sana mawimbi ya sauti, hivyo tunaiona damu inavyoingia uvimbeni na kutoka. Muuguzi akishasukuma dawa yenye vipovu, mililita 2.4, na kuifuatishia mililita 5 za maji ya chumvi, saa inaanza kuhesabu. Kati ya sekunde ya 10 na ya 20 ateri ya ini inawaka kwenye skrini. Hemanjioma, ambayo si saratani, hujaa kutoka pembeni kwenda katikati, kama maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia, yanavyoingia kihambani. Saratani iliyoanzia kwenye ini kwa kawaida huwaka mapema, kisha hufifia polepole baada ya dakika kupita. Iliyosambaa kutoka kwingine hufifia kabla dakika haijaisha.

Hakuna mionzi, wala dawa haipiti kwenye figo, kwa hiyo hatusubiri majibu ya kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo.

Hospitali inayotaka kuanza isidhani kununua mashine kunatosha. Mashine iwe na programu ya vipovu na ipigwe kwa nguvu ndogo, maana nguvu kubwa huvipasua. Kwa maoni yangu, kazi nusu ni ya muuguzi: kanula (mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani) ya pinki kwenye kiwiko, chupa itikiswe kwa nguvu sekunde 20 mpaka dawa iwe nyeupe kama maziwa, na isisukumwe kwa pupa. Video irekodiwe yote; sekunde zile hazirudi.

Mzio mkali ni nadra, lakini adrenalini na oksijeni viwe chumbani, na mgonjwa akae nusu saa chini ya uangalizi. Mwenye mafuta mengi tumboni, au uvimbe ulio ndani sana, huenda bado akahitaji CT-skani.

Ukiitwa, taja mapema kama una ugonjwa wa moyo au uliwahi kudhurika na dawa hii. Na ukiwa kitandani usibane pumzi mpaka uambiwe. Pumua taratibu tu.