Kwa nini faili la nywila la Unix halina nywila?

Ukifungua faili la /etc/passwd kwenye mashine ya Linux, mfumo wa jamii ya Unix, utakuta mistari ya namna hii:

asha:x:1000:1000:Asha:/home/asha:/bin/bash

Ni sehemu saba zilizotengwa kwa nukta pacha. Nywila ilipaswa kukaa katika sehemu ya pili, lakini pale pana x tu. Kwenye faili la mtindo wa zamani, x hiyo huwekwa na amri ya pwconv, inayoligeuza kuwa la mtindo mpya.

Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba pwconv huchukua nywila za kale na kuzifunga upya kwa njia imara zaidi. Niliwahi kuiendesha kwenye seva kuukuu, nikaenda kulala nikijua ulinzi umeimarika. Kumbe nilikuwa nimehamisha vitu tu. Ikikuta sehemu ya pili isiyo x, pwconv hunyanyua kilichomo, hukipeleka kwenye /etc/shadow, faili ambalo mtumiaji wa kawaida hawezi kulisoma, kisha huacha x kumaanisha "tafuta kule". Ni kama tangazo lililobanduliwa ubaoni likatiwa kwenye droo yenye kufuli: kufuli ni jipya, tangazo ni lilelile, hata makosa yake ya tahajia.

Lilibanduliwa kwa sababu ubao wenyewe haufungiki. Amri kama ls -l husoma /etc/passwd ili kugeuza namba 1000 kuwa jina la Asha, kwa hiyo kila mtu lazima aweze kulisoma.

Basi kwa nini wakati wa kuhama nywila isifungwe upya? Kwa sababu haipo. Mfumo huhifadhi hashi yake, yaani matokeo ya kuipitisha nywila katika hesabu isiyorudi nyuma, na hashi ni majivu ya kuni. Asha akitaka kuingia, mfumo huchoma kuni alizoleta katika tanuri lilelile la mwanzo, ukalinganisha majivu. Yakifanana, anapita. Ila majivu hayarudi kuwa kuni, na kwa kuyatazama huwezi kujua kuni zile zingetoa majivu gani katika tanuri jingine. pwconv imeshika majivu tu.

Ndiyo maana hashi ya DES, tanuri la kale, yenye herufi 13, mbili za kwanza zikiwa "chumvi" (herufi za nasibu zinazochanganywa na nywila kabla ya kuchomwa), huingia kwenye shadow jinsi ilivyo. Udhaifu wake huingia nayo: tanuri lile lilitazama herufi 8 za mwanzo za nywila na kupuuza zilizobaki. Itakaa hivyo hadi Asha abadilishe nywila, maana siku hiyo ndipo mfumo unapopata kuni mkononi. Matanuri mapya hutia alama mwanzoni: hashi za SHA-512 huanza na $6$, za yescrypt na $y$, hivyo shadow moja yaweza kubeba majivu ya matanuri matatu bila kuchanganyikiwa.

Lazima nikiri kuna hila ya kuyachoma majivu yenyewe mara ya pili, yaani kuhashi hashi, na zipo programu zinazofanya hivyo. Lakini muundo wa kawaida wa shadow hauna alama ya kusema "hii imechomwa mara mbili". Pia haya yote ni mambo ya Linux. FreeBSD, mfumo mwingine wa jamii ya Unix, huanzia upande wa pili: faili la siri, /etc/master.passwd, ndilo asili, na passwd hutengenezwa kutokana nalo, ikiwa na nyota mahali pa x.

Kurudi nyuma kupo, kwa amri ya pwunconv, ila si bure. Shadow ina sehemu tisa, na baadhi hueleza nywila ilibadilishwa lini na itakwisha lini. Tarehe huandikwa kwa idadi ya siku tangu 1 Januari 1970, kwa hiyo 20000 ni 4 Oktoba 2024. Passwd, yenye sehemu zake saba, haina pa kuziweka zote, na pwunconv huzidondosha njiani.