Sonona ya alfajiri: akicheka jioni bado anaumwa

Sonona ni nini?
Ni ugonjwa: huzuni nzito au kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi. Usingizi huvurugika, mwili huchoka, chakula hakipiti na mtu hujilaumu.

Mbona asubuhi ndiyo mbaya zaidi?
Mwili una saa yake ya ndani inayopanga usingizi na homoni. Kwenye sonona mpangilio huo huvurugika. Wengi huzinduka saa 9 au 10 alfajiri wasilale tena, na kukikucha hata kunawa uso ni mzigo. Alasiri ikifika, wanapata nafuu.

Lakini jioni mgonjwa anacheka na sato anakula. Si anajifanya?
Hapana, hajifanyi. Nafuu ya jioni ni sehemu ya ugonjwa, kama homa inavyopanda na kushuka. Hapa ndipo watu wanapochelewa: asubuhi hawezi kuinuka aende zahanati, jioni anaonekana kapona, mnasema kesho. Kesho hiyo huwa miezi. Acheni kumwita mvivu, tafadhali.

Tumempa dawa ya mseto, katundikiwa dripu, bado yuko vilevile.
Kwani kipimo kilionyesha malaria? Kanda ya Ziwa malaria ipo, kwa hiyo apimwe. Kikiwa hasi, dozi ya pili na ya tatu ya mseto haitibu huzuni. Dripu ya vitamini nayo inamaliza hela tu.

Wengine wanasema karogwa.
Sala hatukatazi. Tunachokataa ni mgonjwa kukaa kwa mganga wiki nzima bila kula wala kulala, ndipo aletwe.

Aende wapi?
Zahanati au kituo cha afya cha karibu. Ikibidi atapewa rufaa hadi hospitali ya Sekou Toure au ya Bugando, Mwanza. Pangeni safari jioni, akiwa na nguvu: nguo, kadi ya bima, nauli, na nani atamsindikiza. Wa Ukerewe na visiwa vingine waulizie chombo mapema. Asubuhi msimuulize kama atakwenda, maana atakataa. Mwambieni, "Twende," mshikeni mkono.

Dawa za sonona zinafanyaje kazi?
Polepole. Fluoksetini humezwa asubuhi. Amitriptilini usiku, kwa sababu inaleta usingizi. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, lakini kichefuchefu au kinywa kukauka huja mapema, na hapo ndipo wengi wanatupa vidonge. Usikatize. Ukipona, unaendelea miezi 6 au zaidi, kisha daktari anakupunguzia. Vidonge atunze ndugu, ampe vya siku hiyo tu.

Asubuhi yenyewe aivuke vipi?
Aamke saa ileile kila siku, hata kama hakulala vizuri. Miguu chini, dirisha wazi, kisha atoke nje kwenye mwanga atembee dakika 15 hadi 20. Kikombe cha uji. Baada ya hapo kazi moja ndogo, kama kufagia uani. Kuuza mtumbwi au kuvunja ndoa si mambo ya kuamua saa hizo. Mchana asilale zaidi ya nusu saa.

Mvuvi wa dagaa anayekesha ziwani wakati wa giza na kupumzika wakati wa mbalamwezi, usingizi wake hubadilika kila mwezi. Amweleze daktari hilo.

Gongo kidogo ya kuvuta usingizi?
Hapana. Inakulaza mapema, halafu inakuamsha saa 9, saa ileile unayoiogopa. Na sonona inazidi.

Akisema bora afe?
Muulizeni waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo. Asibaki peke yake, hasa alfajiri. Sumu ya pamba na ya panya itoke nyumbani. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama jioni kacheka.