Jamii ya wachezaji mtandaoni: hupangwa au huota yenyewe?

Jamii ya wachezaji si idadi ya waliojisajili. Mchezo unaweza kuwa na akaunti milioni na usiwe na jamii, kama basi lililojaa abiria wasiojuana. Jamii huanza pale watu wanapojuana kwa majina, wana kijiwe chao, wanadaiana fadhila, na mmoja asipoonekana siku mbili tatu yupo atakayemuulizia. Je, hali hiyo inaweza kuchorwa ofisini kabla mchezaji wa kwanza hajaingia?

Chip Morningstar na Randall Farmer walijaribu mapema. Walitengeneza Habitat, mji wa mtandaoni uliochezwa Marekani kwa kompyuta za Commodore 64 miaka ya 1980. Waliandaa msako wa hazina, wakajenga kisiwa kizima kwa wiki kadhaa, wakiamini watu watahangaika nao siku nyingi. Mchezaji mmoja alinasa kidokezo kikuu ndani ya dakika 15 na kuumaliza kwa saa 8 hivi. Wengi walikuwa hata hawajaingia. Lakini mchezaji mwingine, kasisi wa Kiorthodoksi katika maisha yake ya kawaida, alifungua kanisa mle ndani bila kuagizwa na yeyote, akawakataza waumini wake kuiba na kubeba silaha. Na huo ulikuwa mji ambamo wizi uliruhusiwa! Mwaka 1990 wawili hao waliandika wazi kwamba kupanga kila kitu kutoka juu hakuwezekani.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha EverQuest, mchezo wa mwaka 1999. Wachezaji walitaka kuuziana panga na deraya, na soko hakuna. Kwenye seva nyingi, yaani nakala za ulimwengu huo wa mchezo, wakajikuta wanakusanyika katika handaki moja la East Commonlands, eneo la mle mchezoni, wakinadi bidhaa na kubishania bei. Hakuna aliyeweka kibao. Mwishoni mwa 2001 watengenezaji wakaleta soko rasmi, Bazaar, ambamo unamwacha mhusika wako akiuza huku wewe umelala. Kwa urahisi, lilishinda handaki kwa mbali, na handaki likabaki tupu. Ila mnunuzi hakuwa tena na haja ya kusema hata neno moja na muuzaji.

Hapo ndipo penye jibu, kwa maoni yangu: kinachopangika ni kuhitajiana. Timu ya Raph Koster ililielewa hilo ilipotengeneza Star Wars Galaxies, mchezo wa mtandaoni uliotoka 2003. Mpiganaji alirudi kutoka vitani na uchovu usiotibika kwa dawa. Ilimlazimu aketi baa, atazame wanenguaji au asikilize wanamuziki, nao walikuwa wachezaji wenzake. Kupona kulichukua muda, na kwenye muda huo mtu atafanya nini kama si kupiga soga? Huo ni mpango wa makusudi kabisa. Nani amzoee nani, hilo halikuandikwa popote.

Wala mpango huo haukumfunga kila mtu. Wapo walioandika amri za kompyuta za kumfanya mnenguaji wao acheze bila kuongozwa na mtu, wakaenda zao kula. Mpiganaji aliketi mbele ya mtu asiyekuwapo, akapona, akaondoka.